Fundi Mbwarali na Sakafu ya Ngome

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa ukuta?
Ukuta ukawa na mlango.
Pakawa mlango?
Mlango ukawa na hodi.
Basi sogeeni motoni, mnisikilize.

Hapo kale, katika mji wa Mwambakuu, palikuwa na mwashi aitwaye Fundi Mbwarali. Mkewe alikwishafariki. Alibaki na binti mmoja, Mwanakheri, mtoto wa miaka saba. Mfalme Shekuwe akamwita.

"Nijengee ngome ambayo adui akiingia, asione pa kutokea. Na njia yake isijulikane."

Fundi akachora kwa mkaa juu ya ngozi: ujia ndani ya ujia, ngazi zipandazo ili zishuke, milango ielekeayo ukutani. Kisha akajisifu, na hapo ndipo alipokosea.

"Bwana wangu, njia ataijua mtu mmoja tu. Mimi."

"Vyema," akasema Mfalme. "Basi hutoki mpaka sakafu ya juu ikauke."

Fundi akamwacha Mwanakheri nyumbani pamoja na shangazi yake, akaingia. Wakaja wachonga mawe, wakajenga, wakatolewa. Wakaja wachoma chokaa, wakajenga, wakatolewa. Wakaja wapandisha boriti, wakajenga, wakatolewa. Kila kundi liliona upande wake, halikuona wa wenzake. Fundi peke yake aliiona yote. Alikula peke yake, akaamka peke yake, na asubuhi aliziamkia kuta. Ikapita miaka kumi na miwili.

Ikabaki sakafu ya juu. Nanyi mwajua, sakafu ya chokaa haipigwi na mtu mmoja. Hupigwa na umma, wake kwa waume, siku tatu mfululizo, kwa nyimbo na kwa wali, hata iwe ngumu kama jiwe. Lakini Mfalme hakutaka watu ndani. Fundi akashika kipande, ule ubao mzito wa kushindilia, akapiga na kuimba:

*Lia kipande, lalama,*
*ngome nayo yasimama,*
*sina wa kunitazama.*

Akaja Kunguru. "Fundi, wapiga na nani?"

"Peke yangu."

"Basi utapiga mpaka uote mbawa." Akaruka zake.

*Lia kipande, lalama...*

Akaja Mbayuwayu. "Fundi, wapiga na nani?"

"Peke yangu."

"Basi mwanao ataolewa hujashuka. Jana nimemwona kisimani. Mtungi aliokuwa akiukokota, sasa anaubeba kichwani."

Fundi akapiga bila wimbo.

Akaja Mjusi. "Fundi, wapiga na nani?"

"Peke yangu. Nawe Mjusi waijua njia yote kama mimi, mbona huzuiwi?"

"Nizuiwe kwa siri gani? Mijusi sote twaijua."

Fundi akaweka kipande chini, akatafakari.

Masika yakaanza. Alfajiri moja maji yakapenya sakafu, yakamdondokea usoni Mfalme, aliyekuwa amehamia chumba cha chini yake, kitandani mwake.

"Fundi, nini hiki?"

"Ni kazi ya mikono miwili, bwana. Sakafu yataka mikono mia."

"Waingie, lakini wafungwe macho."

"Wakifungwa macho watapondana vidole, bwana."

Mfalme akajipangusa uso, akakubali. Mvua ilipopumzika, mji ukaingia. Wa kwanza alikuwa Bi Mwatime, muuza vitumbua.

"Ee Fundi, umekonda ukawa boriti. Choo kiko wapi?"

Fundi akamwonyesha njia ya chooni. Akamwonyesha ya kisimani. Akamwonyesha na ya lango la nyuma. Kila aliyeuliza alionyeshwa, na asiyeuliza pia. Siku tatu wakapiga, wakaimba, wakala. Sakafu ikakaza. Wakaenda zao, na kimya kikarudi.

"Sakafu imekauka," akasema Fundi. "Niruhusu nende kwangu."

"Huwezi kutoka. Wewe ndiwe uijuaye njia."

"Bwana wangu, sogea dirishani usikilize."

Chini, Bi Mwatime alikuwa akimweleza mnunuzi: "Ngazi ya tatu, kata kushoto. Ukifuata kulia, mwenzangu, utatokea chooni."

Mfalme akageuka kutoka dirishani. "Nani mwingine ajuaye?"

"Mji mzima."

"Umeniharibia ngome."

"Adui haijui, bwana. Waijuao ni watu wako. Siku ya vita watapata pa kujihifadhi, nawe utapata wa kukupigania."

Mfalme akamwonyesha mlango. "Nenda," akasema.

Fundi akafika kwake, asipatambue. Nyumba ilikuwa imeongezwa, mlango umehamishwa. Akaizunguka mara moja, akaizunguka mara ya pili, akaizunguka mara ya tatu, kisha akapiga hodi kama mgeni. Akatoka mwanamke kijana.

"Karibu, mzee. Wamtafuta nani?"

"Mwanakheri binti Mbwarali."

"Ndiye mimi."

Fundi akanyoosha mikono yake iliyoliwa na chokaa. Binti akaitazama, akamtazama uso, akaitazama tena. Kisha akamshika mkono.

"Inama, baba. Mlango huu mfupi."

Basi enyi wasikizi, ajifanyaye mjuzi wa pekee hujijengea kifungo, na ufunguo wake u mikononi mwa wenzake. Hadithi yangu imefika kizingitini, nami naishusha hapa. Nilikuwapo sakafu ilipopigwa. Mgongo bado waniuma, na wali uliisha kabla ya zamu yangu.