Kiuno cha Mwenye Nyumba

Mpangaji yeyote aliyeletewa hati ya kuitwa barazani aisome hii mpaka mwisho, kisha ampe na jirani yake.

Siwema alikuwa fundi cherehani. Chumba alichopanga ndimo alimolala na wanawe wawili, na ndimo alimoshonea. Siku moja akaletewa hati: mwenye nyumba, Mzee Mgongolwa, amemshtaki kwenye Baraza la Nyumba. Anataka atolewe, eti kageuza chumba cha kulala kuwa kiwanda bila ruhusa.

Siwema damu ikamchemka. Akashika mkasi, akatoka mbio. "Leo atanitambua!"

Mlangoni akagongana na jirani yake, Bi Tulizo, aliyewahi kuwa karani wa mahakama.

"Mkasi wa nini?"

"Naenda kumpa ukweli wake!"

"Na mkasi ndio utakaousema? Rudi ndani. Hati umeisoma?"

"Nimeona jina langu, inatosha."

"Haitoshi! Soma mwisho wa kujibu ni lini, soma siku ya kufika ni ipi. Usipotokea, atasikilizwa peke yake. Haya, niletee kila karatasi iliyomo humo."

Siwema akatoa mkataba, risiti za kodi, na rundo la madaftari machakavu. "Haya ni vipimo vya wateja tu. Ya kuwashia jiko."

"Thubutu!" Bi Tulizo akaanza kufunua moja moja. Alipofika katikati ya daftari la tatu alicheka mpaka akakaa chini.

Wakaandika majibu pamoja, wakayapeleka kabla siku hazijaisha.

Siku ya shauri Mzee Mgongolwa alikuja kapendeza kweli, ndani ya suti ya kijivu.

"Ulijua lini kwamba anashona humo?" mwenyekiti akamuuliza.

"Mwezi uliopita, mheshimiwa. Chumbani kwake sijawahi kutia mguu."

Siwema ulimi ulimwasha, lakini akaung'ata. Zamu yake ilipofika akafungua daftari, akasoma kwa sauti:

"Mgongolwa. Kifua arobaini na nne. Kiuno arobaini na sita. Suti ya kijivu, harusi ya binti." Chini palikuwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, na sahihi ya mzee siku aliyoichukua suti.

"Nilimpimia chumbani kwangu, mheshimiwa. Nikamuuliza kama cherehani inamkera. Akaniambia, 'Shona, mwanangu.' Na suti yenyewe ndiyo hiyo kaivaa. Mfuko wa ndani una uzi mwekundu, alama yangu."

Baraza zima likamgeukia mzee. Akajaribu kufunga koti. Kifungo hakikufika.

Shauri likatupwa.

Nje, mzee akamsogelea polepole. "Siwema, mwanangu... hii suruali nayo siku hizi inanibana."

"Ilete niipanue. Ila nakuandika, mzee: kiuno, tarehe na sahihi."

Funzo: Ukishtakiwa utolewe kwenye nyumba, hasira iache nyumbani. Soma hati, jibu kwa wakati, fika siku uliyoitwa, na usitupe maandishi yoyote, maana hujui ni ukurasa upi utakaokusemea.