Aliyemfikisha Nakijwa Pangoni

Unacheka nini? Hata sijafungua kinywa, umeshabinua mdomo kama mtu aliyepewa uji wa juzi. Kama huamini kwamba maiti huweza kuacha nyayo ndani ya nyumba iliyotiwa komeo, nenda kalale. Wenye masikio wabaki.

Hapo zamani, huko milimani, aliishi mfinyanzi jina lake Nakijwa. Udongo wake aliukanyaga kwa miguu katika shimo la maji baridi, tangu usichana hadi mvi. Vifundo vikavimba, dole gumba likapinda, na alfajiri akishuka kitandani viungo vilikwaruzana kama mawe ya kusagia.

Na kwao palikuwa na desturi. Baada ya mavuno, mfinyanzi hukipeleka chungu cha mizimu pangoni, juu mlimani, mwenyewe, kwa miguu yake. Habebwi, wala hapokewi mzigo. Mfinyanzi aliyemtangulia alishindwa. Alilala tu, akingoja maumivu yaishe. Walimkuta kitandani, mkavu kama kuni, kinywa kimejaa udongo mbichi.

Mwaka mmoja Nakijwa naye akalala. Kulipokucha akaona nyayo za tope sakafuni, vidole vikielekea kitandani. Kesho yake zilikuwa karibu zaidi. Akapiga yowe. Wakaja watu watatu.

Wifi yake Nanzia alileta maji ya moto na mafuta ya nyonyo. Kila alfajiri alimkanda mpaka vifundo vikalegea. "Tulia, wifi. Unalia kama mbuzi wa tambiko!"

Shemeji yake Senkondo, fundi viatu, aliipima miguu mmoja mmoja, maana haikulingana tena. Akamshonea viatu vipana mbele, soli nene na laini, shingo ndefu ya kushika kifundo. Akamchongea na mkongojo.

"Vibaya hivi!" Nakijwa akaguna.

"Shemeji, kwani unakwenda harusini?"

Mke mwenzake Namsifu hakuleta kitu ila mdomo. "Inuka, gogo wee! Tembea mpaka migombani, pumzika, rudi." Nakijwa alimtukana, akalia, akatembea. Akizidisha, Namsifu alimkalisha kwa nguvu. Alipotembea, nyayo zilirudi nyuma. Siku aliyogoma, aliamka akakuta unyayo mmoja juu ya shuka, ubavuni pake, bado una maji.

Siku ikafika. Akabeba chungu, akapumzika kila palipo na jiwe, akafika. Alipokitua, sauti ya mwanamke ikatoka gizani, nzito, kama ya mtu mwenye tope mdomoni:

"Mimi sikufika. Wewe umefika. Mtu mmoja aliyekufikisha hapa nitampa miguu isiyozeeka. Jua likigusa mlima, toka nje peke yako unitajie jina. Usipotaja, nitaichukua yako."

Akarudi, akawaeleza. Ah, ungewasikia!

"Ni mimi," akasema Nanzia. "Bila mikono yangu usingeshusha mguu kitandani. Tazama, vidole vimepinda kwa kukukanda. Na jana kisimani nilitambaa, miguu imenigomea."

"Mlima umepandwa kwa nini, mafuta ya nyonyo?" akafoka Senkondo. "Avue viatu tuone! Mimi mwenyewe nakaa kwenye kigoda kwa sababu kusimama siwezi."

"Viatu vyako vingeliwa na panya uvunguni," akasema Namsifu. "Nani alimtoa kitandani? Nyie mlishukuriwa, mimi nilitukanwa. Kifundo changu nacho kimeanza kulia, mama. Na mimi sina mke mwenza mwingine wa kunitoa kitandani."

Nakijwa akawatazama. Miguu yake ilikuwa inawaka moto. Maumivu hayakuwa yameisha, hapana. Aliyazoea tu, kama unavyozoea mkwe.

"Na aliyepanda ni nani?" akauliza. "Hatua zile alizipiga nani?"

Jua likagusa mlima. Nakijwa akashika mkongojo, akainuka polepole, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

Haya, wewe uliyekuwa ukicheka: jina la nani lilistahili kutajwa kule nje?