Mkia wa Barua ya Sultani

Hapo zamani, wino ulipokuwa ghali kuliko ahadi, alikuwako Sultani Athumani wa Kwandani, mtu mkarimu mno kinywani mwa mpiga mbiu wake. Kila Ijumaa mbiu ililia kuwa Sultani daima hulisha maskini, daima huzuru wagonjwa, daima husamehe wafungwa. Nao maskini wakajipapasa matumbo, wakastaajabu jinsi shibe inavyofanana na njaa.

Ikawa Balozi wa Waingereza, akiwa amebakiza siku saba arejee kwao, aliomba barua ya kumweleza malkia wake mwenendo wa Sultani. Karani Mbaruku akaiandika kwa Kiingereza, akatia "daima" kila mstari, kama ilivyokuwa adabu ya barua za Kwandani. Balozi akaisoma barazani, akauliza kwa upole ni daima ipi hiyo, maana ameishi mkabala wa jiko la Sultani miaka miwili wala hajaona sahani ikitoka. Baraza likainama kuficha meno. Siku ile ile Mbaruku akatiwa gerezani, akaahidiwa upanga Balozi atakapoondoka.

Mkewe Mbaruku alikuwa na kaka, jina lake Nyange, fukara mwenye kanzu moja na Kiingereza alichookota kwa kubeba mizigo ghalani mwa Wazungu. Dada akamlilia, Nyange akaenda kujitolea kuandika barua nyingine.

"Andika kila wema wangu," Sultani akamwambia, "na utaje nautenda mara ngapi. Ukiandika uwongo nikachekwa tena, utamfuata shemejiyo. Ukiandika la kuniaibisha, utamtangulia."

Nyange akashukuru kwa kupewa hiari pana namna hiyo. Kesho yake akaleta barua ya hati nzuri, ila kila sentensi iliishia pengo. Na desturi ya Kwandani ilikuwa kwamba barua yenye pengo haipigwi muhuri, adui asije akalijaza.

"Mbona hukumaliza?"

"Maulana, Waingereza wakiandika hutanguliza tendo, kisha mwishoni huweka hesabu yake: mara mbili kwa juma, mara moja kwa mwaka. Kichwa na kiwiliwili nimeandika mimi. Mkia ni wa mwenye kutenda."

"Tia hapo 'kila siku'."

"Nitatia, Maulana. Ila jana nilikaa mlangoni pa jiko tangu nilipotoka kwako hadi magharibi, na aliyekula ni paka mmoja, naye aliiba."

Sultani akateremka hadi mara mbili kwa juma. Nyange akachovya kalamu, akaishikilia hewani, akasema kwa heshima kuwa angoja kuiona mara ya kwanza. Basi masufuria yakatoka siku ile, na siku ya nne yakatoka tena. Wagonjwa nao wakazuriwa. Mmoja, alipomwona Sultani kitandani pake, alidhani amekwisha kufa.

Siku ya sita likabaki pengo moja, la kusamehe wafungwa. Sultani akaamuru sentensi ifutwe. Nyange akamkumbusha kuwa Balozi aliisoma ile ya kwanza, na angeuliza msamaha umekwenda wapi.

"Naweza kuandika 'kamwe', Maulana. Ni kweli tupu. Lakini itakuaibisha, nami naogopa upanga kama mtu yeyote."

"Mara moja kwa mwaka, je?"

"Ni idadi ya heshima. Mwaka waisha keshokutwa, na gerezani mna mtu mmoja tu."

Sultani akamkazia macho. Nyange akaishikilia kalamu juu ya pengo. Kisha Sultani akacheka, kicheko cha mtu aliyekanyaga mwiba mbele ya wageni, akaagiza funguo.

Mbaruku alipofikishwa barazani ndipo pengo likajazwa na muhuri ukapigwa. Balozi akasoma, asiulize kitu. Ila nakala alimwachia mtu wake aliyebaki Kwandani, ili amwarifu kila mwezi kama mikia ingali mahali pake. Ikawa maskini wa Kwandani wakala mara mbili kwa juma, miaka na miaka, kwa ukarimu wa mfalme aliyeogopa kusomwa.

Maneno yangu yamefika ukingoni: aliyeshiba na anyamaze, mwenye njaa na aulize njia ya Kwandani.