Kinyozi Shaame na Tovuti ya Tajiri Msellem

Palikuwa na tajiri katika mji wa Kitangani, jina lake Msellem, mwenye nyumba za kupangisha kutoka sokoni mpaka bandarini, naye alitaka jambo ambalo mtu mwingine angeona haya hata kulitamka: tovuti yake iandikwe kila mahali.

Kila mahali wapi? Kwenye Saraka, jamaa zangu. Saraka ilikuwa huko mtandaoni, na tovuti za kila mji zimepangwa ndani yake mafungu mafungu: wavuvi kwao, shule kwao, mafundi kwao. Mgeni akitaka kitu, hufungua fungu lake akakipata. Na waliozipanga hawakuwa mashine. Walikuwa watu wa kujitolea, na aliyejitolea kwa mji wa Kitangani alikuwa Shaame, kinyozi, mtu mwenye wembe mkali na ulimi mkali zaidi. Akikosa kichwa cha kunyoa, huchukua simu yake yenye kioo kilichopasuka, akasoma tovuti za watu. Inayofaa huiingiza, isiyofaa huiacha nje. Halipwi kitu. Mkewe alikwishamwambia kwamba kazi isiyolipwa inaitwa uvivu. Shaame akamjibu kwamba uvivu angalau humpumzisha mtu.

Basi asubuhi moja Msellem akaingia kwenye banda la kinyozi, akawapita watu waliokuwa kwenye benchi wakingoja zamu, akakalia kiti. Shaame akamfunga shuka shingoni. Angemwambia angoje zamu? Banda lenyewe lilikuwa la Msellem.

"Shaame," akasema tajiri, "nimetengeneza tovuti."

"Nimeiona, Bwana. Nyumba nzuri. Nitakuweka fungu la nyumba za kupanga."

"Na la samaki."

"Unauza samaki, Bwana?"

"Ninakula."

"Basi na wanaopanga kwako ni wenye nyumba?"

Kwenye benchi mtu akakohoa. Msellem akaendelea.

"Niweke na la shule."

"Unasomesha?"

"Nina wajukuu wanasoma."

"Basi wao nitawaweka, wakishafungua tovuti."

"La hospitali je?"

"Unatibu, Bwana?"

"Sijaumwa maisha yangu yote. Wagonjwa wakiniona watapata moyo."

"Wakikuona watadhani wamefika kulipa kodi."

Sasa walikohoa wawili. Tajiri akakunja uso, Shaame akausubiri ukunjuke, maana uso uliokunjwa haunyoleki.

"Haya, andika fungu moja," akasema Msellem. "Lakini uandike kwamba nyumba zangu ni bora kuliko zote pwani nzima."

"Sifa hatuandiki, Bwana. Tunaandika kilichomo."

"Kilichomo ni sifa."

"Hizo umekwisha kuziandika mwenyewe. Mimi nimebakishiwa nyumba."

"Kwani wewe nani anakulipa?"

"Hakuna."

"Bosi wako nani?"

"Asiyelipwa ana bosi?"

"Anaye," akasema Msellem taratibu. "Banda hili la nani? Ukiniandika ninavyotaka, utakaa. Usiponiandika, kesho uhamishe kiti chako na kioo chako."

Hapo Shaame akaacha kunyoa. Alilitazama banda lake: bati, feni bovu, kalenda ya zamani ambayo hakuwahi kuitoa ukutani kwa sababu picha yake ilimpendeza. Humo ndimo marehemu baba yake alimonyolea watu. Humo ndimo wanawe walimopatia chakula. Kuandika uongo kidogo, nani angejua? Neno moja tu, "bora". Kidole kikamwasha.

Akafuta mikono, akachukua simu.

"Bwana, kabla sijaandika lazima nisome. Kanuni ya Saraka inasema tovuti yenye uongo haiingii. Ya kwako ina uongo?"

"Hata chembe."

"Niisome kwa sauti?"

"Isome wasikie." Tajiri akajinyoosha kitini.

Shaame akasoma, pole pole, kama anayesoma barua ya posa: "'Kwa Msellem mpangaji ni ndugu. Hatishwi, wala hafukuzwi.'" Akainua macho. "Ni kweli hii?"

"Kweli tupu."

"Basi nisaidie, Bwana, mimi elimu yangu ndogo. Ukinifukuza kesho, maneno haya yatakuwa uongo, na tovuti ya uongo siwezi kuiingiza. Usiponifukuza, maneno ni kweli, na mimi nakuandika kwa mstari mmoja kama wenzako. Uniambie sasa: kesho nihamishe kiti, au niandike?"

Povu la sabuni lilikuwa likimkaukia Msellem kwenye shavu. Wageni wote walioshuka bandarini siku hizo walitafuta vyumba kwenye Saraka, na jirani yake mwenye vyumba vibovu alikuwa humo tayari.

"Andika," akasema.

Shaame akaandika hapo hapo, akamsomea: "'Nyumba za kupanga za Bwana Msellem, Kitangani. Picha na bei.'" Kisha akamalizia shavu, akampaka manukato, akamfungua shuka kwa adabu zote.

Tajiri akasimama, akajitazama kiooni, akaona bado ni tajiri. Moyo ukamrudi.

"Umeniweza leo, kinyozi. Umeshaniandika, haya. Lakini nikifika nyumbani tu, yale maneno ya wapangaji nayafuta. Halafu tutaonana mimi na wewe."

Shaame akawageukia watu wa benchi, ambao hakuna hata mmoja aliyelala nyumba isiyokuwa ya Msellem, na wote sasa walikuwa wamekaa wima.

"Yafute, Bwana," akasema. "Kwenye tovuti utayafuta kwa kidole. Kwenye masikio ya wapangaji wako hawa utayafuta kwa nini?"