Kuni za Semeni na Moto wa Chausiku

Mwanamke mmoja, jina lake Semeni, alikuwa na kuni nyingi kuliko mtu yeyote kijijini kwake. Zilikuwa kavu, zimepasuliwa vizuri na kupangwa chini ya upenu mpaka zinagusa makuti. Kila aliyepita alizisifu, naye Semeni alipenda kusifiwa. Jirani yake wa karibu alikuwa wifi yake, Chausiku. Kuni za Chausiku zilikuwa za kubahatisha, leo zipo, kesho hakuna. Lakini moto wake haukuzimika. Kila alipomaliza kupika alifukia kaa kwenye jivu, na alipotaka kupika tena alilifukua, akalipuliza.

Siku moja Chausiku alichukua gogo moja kwenye rundo la Semeni bila kuomba. Semeni alimfuata mpaka jikoni, akamnyang'anya mbele ya watu, na maneno aliyomwambia siyarudii hapa. Tangu hapo hawakuamkiana.

Masika yakaja. Asubuhi moja, mvua ikimwagika, binti yake Semeni akajifungua. Mtoto alilia vizuri, lakini mama yake alikuwa anatetemeka, meno yakigongana, anahitaji maji ya moto ya kumkanda na uji wa kumrudishia nguvu. Semeni akapanga kuni zake nzuri mekoni, akachukua kiberiti. Kilikuwa kimeingia unyevu. Njiti zikamomonyoka moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Duka lilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Semeni akaogopa kweli. Kuni zote zile hazikuweza kumpashia mwanawe kikombe kimoja cha maji.

Akachungulia nje. Paa la Chausiku lilikuwa likifuka moshi.

Akaokota kigae cha kubebea makaa, akatoka mbio. Mwenye rundo lote lile, hata ukuni mmoja hakukumbuka kubeba! Njiani alitunga maneno ya kuomba radhi, na alipofika mlangoni yote yakampotea. Chausiku alikuwa amechuchumaa, shoka mkononi, anapasua kigoda chake, kile alichoachiwa na marehemu mama yake. Nusu ya kigoda ilikuwa tayari inawaka. Akainua uso.

"Nilisikia kichanga kinalia kwako, wifi, na moshi sikuuona," akasema. "Nikaona moto huu usizimike kabla hujaja."

Semeni akaangua kilio. Chausiku hakungoja amalize. Akamjazia kigae makaa, akamsukuma atoke.

Maji yakachemka. Mzazi akakandwa, akanywa uji, akaacha kutetemeka, akalala na mtoto wake ubavuni. Hapo ndipo Semeni aliposhusha pumzi, akahisi mwili wote umekuwa mwepesi. Mvua ilipopungua akajitwika mzigo mkubwa wa kuni, akaupeleka kwa wifi yake. Na kwa kuwa kigoda hakikuwepo tena, wakaukalia mzigo wenyewe, wote wawili, wakicheka mpaka machozi.

Ndugu zangu, sina mengi ya kuongeza. Niambieni tu: yule aliyenyang'anywa gogo moja, alikuwa akilinda moto wa nani?