Jinsi Nguruwe Alivyokipatia Kisiwa Bunge

Nimewaletea kisa.
— Kiweke tukione.
Kimetoka mbali.
— Kipe maji.
Kishakunywa.
— Basi kiseme.

Katikati ya Bahari ya Pasifiki, ambako ukitazama kulia ni maji na kushoto ni maji, kulikuwa na kisiwa chembamba kama ukanda. Kisiwa hicho hakikuwa na sungura, kwa hiyo ujanja wote alibaki nao Bi Mjusi, yule mdogo wa kwenye mapaa ya makuti, anayelia che, che, che.

Mkuu wa kisiwa alikuwa Nguruwe. Nyumba ya baraza ilikuwa moja: paa kubwa, pande zote wazi, nguzo zimezunguka ukingoni. Desturi yake ilikuwa hivi: jambo likisemwa ndani ya nyumba hiyo, anayelikubali hugonga nguzo yake, ko. Nguzo nyingi zikigongwa, jambo limekuwa sheria. Siku hizo nguzo zote zilikuwa za Nguruwe. Alisema jambo lake, akaenda nguzo hii, ko; akaenda nguzo ile, ko; akazunguka hadi akahema. Baraza limekubali.

Mbele ya nyumba hiyo ulisimama mshelisheli. Kisiwa kizima kilikula matunda yake, na mayai ya Bi Mjusi yalibanwa ndani ya gome lake. Nguruwe hajui kupanda mti, na alichoka kungoja tunda lianguke. Asubuhi moja akatangaza: "Mashelisheli yakishakomaa nitatoa sheria. Kaa wote watachimba mizizi, mti uanguke, nile yote siku moja."

Bi Kaa, mchimbaji hodari, akamwendea Bi Mjusi, kwaru, kwaru, kwaru.

"Shoga, umesikia? Mti wetu hauna mbegu. Mche huchipuka mizizini. Tukiichimba, ndiyo basi."

"Nimesikia. Matunda yamefikia wapi?"

"Hayajafika hata ukubwa wa gando langu."

"Basi tunayo nafasi. Nenda shimoni ukanyamaze, ingawa kwako hiyo ndiyo kazi ngumu."

Bi Mjusi akapanda paani, akainamisha kichwa.

"Che, che, che. Mkuu, nakuonea huruma."

"Kwa nini?"

"Unasema mwenyewe, unagonga mwenyewe. Wakuu wa visiwa vingine hugongewa."

Nguruwe akafikiri, nguu, nguu, nguu. "Hilo nalitaka."

Akamwita Kaa, akamwita Popo, akamwita Kasa, akawaita na ndege wa pwani, akampa kila mmoja nguzo. Yeye akabaki na nguzo kuu, nene kuliko zote: isipogongwa hakuna sheria, ikigongwa nyingine zote si kitu. Akawaambia, "Nikikunja sikio, gongeni." Akakunja. Ko, ko, ko. Nguruwe akafurahi, siku hiyo akala mara mbili.

Matunda yakawa makubwa kama gando, kisha yakalizidi. Bi Mjusi akarudi paani.

"Che, che, che. Mkuu, nakuonea huruma."

"Tena?"

"Hawa umewachagua wewe, wanakugongea kwa woga. Ni kama shelisheli bichi, linajaza tumbo lakini halina ladha. Waache wachaguliwe na wenzao wa kila ufukwe. Akigonga mmoja, ufukwe mzima umekugongea."

"Na wasipogonga?"

"Si unayo nguzo kuu?"

Nguruwe akafikiri, nguu, nguu, nguu. "Hilo nalitaka."

Basi fukwe zikachagua. Bi Kaa akapita bila kupingwa. Popo aliomba kura huku ananing'inia kichwa chini, wakamwambia, "Tutakupa, lakini ahadi zako tutazisoma kuanzia mwisho."

Siku ikafika. Matunda yamekomaa, utomvu mweupe unatiririka kwenye maganda. Wajumbe wameketi, kila mmoja kwenye nguzo yake.

"Shoga, ni leo," Bi Kaa akanong'ona.

"Tulia."

"Nimetulia. Miguu ndiyo inayotetemeka, na ninayo mingi."

Bi Mjusi akainamisha kichwa. "Che, che, che. Mkuu, nakuonea huruma."

"Mjusi, leo nina kazi."

"Ndiyo maana. Mkubwa wa nyumba anakaaje ukingoni, manyunyu yakimpiga mgongoni? Pale katikati kuna mkeka mpya. Akaaye pale wote humgeukia. Humwomba ruhusa kabla ya kusema. Humwita Mheshimiwa Spika. Na kikao kikiisha, chakula huanzia kwake."

"Huanzia kwake?"

"Kabla ya wote. Sharti ni moja tu: akiinuka kabla ya kikao kuisha, mwingine hukaa."

Nguruwe hakufikiri hata kidogo. "Hilo nalitaka." Akaiacha nguzo kuu, akaketi katikati, puu.

"Mheshimiwa Spika," akasema Bi Kaa, "naomba kusema."

Nguruwe hakuwahi kusikia neno tamu hivyo. "Sema."

"Naomba mti ubaki."

"Umesikika. Wanaotaka uchimbwe, wagonge." Akakunja sikio.

Kimya.

Akakunja la pili. Kimya. Popo akajitazama kucha, Kasa akafumba macho. Nguruwe akanyoosha mguu kulia, hakuna nguzo. Akanyoosha kushoto, hakuna nguzo. Nguzo kuu ilikuwa kule ukingoni, peke yake. Akainua makalio kidogo. Popo akasogea karibu na mkeka. Nguruwe akaketi tena, puu.

"Mheshimiwa Spika," akasema Bi Kaa kwa adabu, "hakuna aliyegonga. Tunangoja utangaze."

Nguruwe akafikiri, nguu, nguu, nguu. "Chakula kiko wapi?"

"Kinaletwa ukishatangaza."

"Sheria imeanguka," akasema Nguruwe.

Likaletwa shelisheli la kuchoma, likaanzia kwake. Akala, akashiba, akaridhika. Nguzo kuu haikupewa mtu tena, ikabaki ya kushika paa tu, mti ukabaki, na mayai ya Bi Mjusi yakaanguliwa salama gomeni.

Hapo kisa kimelala.
— Kifunike.

Na funzo lake ni hili: mlafi asikanywe. Nguruwe angekuwa mwenye kuridhika na vyake, angekaa na nguzo zake zote, na kisiwa kile hadi leo kisingekuwa na bunge. Kwa hiyo, watoto, mkiulizwa mnataka nini, semeni vyote.