Hukumu ya Twiga juu ya Wimbo wa Bi Chura

Paukwa!

— Pakawa!

Aa! Hiyo ni Pakawa au kikohozi? Watu mmekula mkashiba, sauti mmeziacha sufuriani? Paukwa!

— Pakawaaa!

Naam, sasa mmeamka. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna polepole. Kisa cha leo kinataka masikio.

Hapo zamani za kale palikuwa na mbuga, na katikati ya mbuga palikuwa na bwawa. Masika yakija, bwawa linajaa, kila mtu ana pake. Kiangazi kikija, bwawa linanywea, linanywea, linanywea, mpaka linabaki dimbwi lililozungukwa na matete. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Bata kwaa! Kanga kekeke! Chura kroo! Wanaokuja kunywa maji na kujilaza kivulini hawapati hata lepe la usingizi.

Basi wanyama wakakaa, wakaweka desturi. Kila kiangazi, wote wanaoishi bwawani waimbe mbele ya mpimaji. Wimbo ukipita, mwenyewe anakaa. Wimbo ukikataliwa, mwenyewe anahama na nyumba yake yote, hata kama ni kwenda mchangani.

Mpimaji awe nani? Wakamtazama Fisi, wakasema huyu anacheka ovyo. Wakamtazama Kifaru, wakasema huyu ana hasira za karibu. Wakamtazama Twiga. Ile shingo! "Huyu ndiye," wakasema. "Shingo ndefu namna hii, si anasikia mpaka ng'ambo ya mlima?"

Jamani! Nani aliwaambia shingo ndiyo inayosikia? Lakini walikubaliana wote, wakapiga vigelegele, na Twiga akawa mpima nyimbo.

Wala hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mtanashati, anakula majani yake ya mgunga kwa adabu. Lakini kichwa chake kilikuwa juu kule, katikati ya matawi, na meno yake hayakupumzika. Tafu, tafu, tafu. Kilichoimbwa chini kilimfikia nusu, au hakikumfikia kabisa. Akaona haya kusema. Umesifiwa masikio mbele ya mbuga nzima, utaanzaje kusema husikii?

Tena alikuwa na rafiki. Rafiki huyo aliitwa Mdonoa-kupe, ndege mdogo wa mdomo mwekundu, aliyeshinda shingoni mwa Twiga akimtoa kupe. Nyofo! Nyofo! Nyofo! Kupe akitoka, Twiga anafumba macho kwa raha. Na ndege yule alikuwa huku anadonoa, huku anaongea sikioni.

"Bata kapendeza mwaka huu. Umeyaona manyoya yake?"

"Nimeyaona," anasema Twiga.

"Wimbo wake utakuwa mzuri."

"Utakuwa mzuri."

"Na Kanga ni ndege wenzetu."

"Wenzetu," anasema Twiga, na yeye hana hata unyoya mmoja!

"Lakini Chura! Chura unamjua mwenyewe. Macho yale! Ngozi ile! Sauti nzuri itatokea wapi?"

"Haiwezi kutokea," anasema Twiga. Tafu, tafu, tafu.

Mdonoa-kupe alikuwa na lake. Ile kona ya matete alipokaa Bi Chura palikuwa na ubaridi mzuri mchana, naye alipataka.

Haya, tumwache huyo mbeya juu kule, tushuke kwa Bi Chura.

Kiangazi kile Bi Chura alikuwa na viluwiluwi. Walikuwa wameanguliwa juzijuzi tu, weusi, vichwa na mikia, hawana hata mguu. Wanazunguka majini, wanacheza, hawajui lolote. Chura mzima ataruka, atatafuta jiwe lenye unyevu, atajificha chini yake. Kiluwiluwi ataruka na nini? Mama yao alikuwa anawatazama. Wimbo wake ukikataliwa, wanawe wamekwisha.

Na alijua kukataliwa kukoje. Kiangazi kilichotangulia, Twiga alimkataa mjomba wake. Mzee wa watu akatoka majini, puta, puta, puta, akielekea mchangani kwenye jua. Hakuonekana tena.

"Shoga, mbona umekonda?" aliuliza Mama Ngiri. Huyu alikuwa jirani yake, mwanamke mnene, mpenda kugaagaa topeni, asiyejua kuficha neno moyoni.

"Naogopa, dada."

"Hebu imba nisikie."

Bi Chura akajikohoza, akaanza:

*Kroo, kroo, kroo, kroo,*
*kroo, kroo, kroo, kroo,*
*maji ee, msiende mbali,*
*wanangu bado wadogo.*
*Jua ee, shuka taratibu,*
*mikia yao haijawa miguu.*

Mama Ngiri akavuta kamasi, akajipaka tope usoni ili asionekane analia. "Nenda kaimbe hivyo hivyo," akasema. "Asiyeguswa na huo, basi ana lake jambo."

Siku ikafika. Asubuhi na mapema mbuga nzima ilikuwa bwawani. Fisi yupo, Kifaru yupo, pundamilia na watoto wao wapo. Twiga kasimama kwenye mgunga wake, rafiki yake kajishikiza shingoni.

Akaitwa Bata. Bata akajikung'uta manyoya, akaimba: kwaa, kwaa, kwaa, kwaa! Twiga akatamka, "Tamu! Laini! Apite!"

Akaitwa Kanga na ukoo wake. Wakaimba: kekeke, kekeke! Kifaru aliziba masikio. Twiga akatamka, "Tamu! Laini! Apite!"

Akaitwa Bi Chura.

Akapanda juu ya kichuguu cha tope. Akatazama watu. Akatazama maji, akawaona wanawe wanazunguka. Akafungua kinywa aimbe.

Hakikutoka kitu.

Akafunga kinywa. Akafungua tena. Koo linapanda, koo linashuka, sauti hakuna. Watu wakasubiri. Kimya, jii! Hata nzi ulimsikia akipita. Fungua, funga. Fungua, funga. Machozi yakaanza kumlengalenga.

Sasa kule juu, Twiga aliona nini? Aliona kinywa cha Chura kinafunguka na kufungika. Akameza majani yake. Mdonoa-kupe akamnong'oneza, "Si nilikwambia?" Basi Twiga akainua sauti:

"Inatosha, inatosha! Sauti inakwaruza! Mwanzo umeniumiza kichwa, katikati umenichosha, na huo mwisho ndio usiseme! Nimeukataa. Chura ahame!"

Ala!

Watu wakatazamana. Bata akabaki mdomo wazi. Pundamilia mmoja akamwuliza mwenzake, "Kwani nimekuwa kiziwi?" Ndipo Mama Ngiri akatoka topeni akitiririka maji machafu, akasimama mbele ya watu wote.

"Wimbo upi?" akauliza.

"Huo aliouimba," akasema Twiga.

"Hajaimba."

"Eti?"

"Hajaimba, bwana mkubwa. Hata kroo moja haijatoka. Sauti imemkauka kwa hofu. Sisi sote hapa tumesikia kimya. Wewe mwenzetu umesikia nini?"

Wee! Kicheko kililipuka, acha tu. Fisi alianguka chini, miguu juu. Kifaru alicheka mpaka akapaliwa. Kanga walikimbia huku na huku, kekeke, kekeke. Na Mdonoa-kupe akaanza kusogea mgongoni taratibu, anatafuta njia.

Lakini Bi Chura hakucheka. Hasira ilikuwa imempanda, na hasira ndiyo iliyomfungua koo.

"Bwana Twiga," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini watu walinyamaza. "Maneno hayo nayajua. Mwanzo umeniumiza kichwa, katikati umenichosha. Ndiyo uliyomwambia mjomba wangu, vilevile, hukupunguza hata moja. Nakuuliza kwa heshima. Mjomba wangu ulimsikia?"

Twiga akaacha kutafuna. Tangu awe mpimaji, watu hawajawahi kuyaona mataya yale yametulia. Jani likamning'inia mdomoni.

"Sikumsikia," akasema.

"Basi ulimhamisha kwa sababu gani?"

Twiga akameza mate. Na shingo ile, mate yalikuwa na safari. "Nilimwona tu," akasema. "Nikaona ni Chura, nikaambiwa habari za vyura, nikamaliza."

Watu wakapandwa na mori. "Mtoeni!" akapiga kelele Fisi. "Aondoke, tuweke mwingine!"

"Mtaweka nani?" Bi Chura akamgeukia. "Wewe Fisi? Wewe hukosi mtu unayemtaka na mtu usiyemtaka. Hata mimi ninao. Hapa nilipo, mkinipa Kanga nimpime, atahama leo leo."

Wakacheka kidogo, Kanga wakanuna.

"Mimi sikuja kusifiwa," akaendelea Bi Chura. "Sijui kama wimbo wangu ni mzuri. Inawezekana kweli ni mbaya, na kama ni mbaya aniambie. Lakini ausikie kwanza. Ateremshe kichwa!"

"Ateremshe kichwa!" wakaitikia wote. "Ateremshe! Ateremshe!"

Twiga kuteremsha kichwa si mchezo, mnajua. Alipanua mguu mmoja, akapanua na wa pili, akayumba, akajishika. Shingo ikashuka. Ikashuka, ikashuka, ikashuka, mpaka masikio yakafika usawa wa matete. Alikuwa amekaa vibaya, makalio juu, mbele ya kadamnasi, na aibu zote usoni. Lakini alikaa.

Mama Ngiri akachuma jani pana la yungiyungi, pwata! akambandika machoni. Mdonoa-kupe akaambiwa aende akakae kwa Kifaru, mbali. Na waimbaji wote wakaingia nyuma ya matete, waimbe kwa zamu wanayoijua wao wenyewe, hakuna kutaja jina wala ukoo.

Eh, nakuona wewe unataka kuuliza. Unataka kusema, kwaa si kwaa, kroo si kroo, atawajua tu! Ndiyo, atawajua. Lakini sasa sikio lilikuwa kwenye wimbo, na mbeya hayupo karibu.

Akaimba Bata. Twiga akasikiliza mpaka mwisho. "Sauti unayo," akasema. "Ila unarudia neno moja mpaka linachakaa. Pita, lakini mwaka ujao utuletee jingine." Bata aliondoka kavimba.

Wakaimba Kanga. Twiga akakunja uso, akasikiliza mpaka mwisho. "Mnaimba wote kwa pamoja na hamsubiriani," akasema. "Nimewapitisha miaka yote, kumbe mnachosha hivi! Kaeni, lakini mchana mnyamaze watu walale." Kifaru akashukuru kwa sauti.

Kisha matete yakatikisika. Kikasikika kikohozi.

*Kroo, kroo, kroo, kroo,*
*kroo, kroo, kroo, kroo,*
*maji ee, msiende mbali,*
*wanangu bado wadogo.*
*Jua ee, shuka taratibu,*
*mikia yao haijawa miguu.*

Wimbo ukaisha. Watu wakangoja. Bi Chura nyuma ya matete alikuwa ameyashika maji kwa miguu yote minne, hathubutu hata kupumua. Wanawe wakamzunguka, wakamgusagusa tumboni kwa vichwa vyao.

Mwishowe Twiga akasema, polepole, kama mtu anayejifunza kazi.

"Mwanzo wako ni mrefu. Zile kroo nane zote za nini? Nne zingetosha. Sauti yako inakwaruza. Safari hii nimeisikia, na kweli inakwaruza. Lakini ulipofika kwenye mikia haijawa miguu, mkwaruzo ule ndio uliofaa. Sauti laini ingepaharibu pale. Nimemsikia mama anaomba." Akasogeza sikio karibu na matete. "Wimbo umepita. Kaa na wanao. Na kuhusu mjomba wako, sina la kukuambia ila nimekosa, na kosa lile siwezi kulirudisha nyuma."

"Haaaaaa!"

Hiyo ilikuwa pumzi ya Bi Chura. Aliishusha yote, tangu ya siku wanawe walipoanguliwa. Akakaa chini kwenye tope, analia na kucheka.

"Mama Ngiri!" akaita. "Umesikia, shoga? Amesema mwanzo ni mrefu!"

"Sasa hilo ndilo la kukufurahisha?" akauliza Mama Ngiri.

"Kweli ni mrefu! Hata mimi nilikuwa nashuku! Ameusikia mwanzo, dada! Ameusikia wote!"

Akaruka juu, akatua majini, chubwi! Viluwiluwi wakatawanyika, wakarudi, wakamzunguka. Na papo hapo, jua likiwa kali, akawaimbia tena wimbo ule ule, na safari hii aliingia baada ya kroo nne tu. Watu waliokuwa wameanza kuondoka walisimama. Twiga naye hakuinua shingo mpaka ulipokwisha.

Tangu siku ile, kila kiangazi Twiga anateremsha kichwa, miguu kapanua, hajali anavyoonekana. Mdonoa-kupe bado anamtoa kupe, na Twiga bado anamshukuru. Lakini siku ya nyimbo, ndege yule anashinda kwa Kifaru. Na viluwiluwi wale waliota miguu, wakawa vyura, wakaimba kwa zamu yao. Baadhi walipita. Mmoja alikataliwa, na kusema kweli alistahili, akahamia chini ya jiwe lenye unyevu mpaka masika yaliporudi, akafundishwa upya na mama yake, mwaka uliofuata akapita.

Basi mafunzo ni haya, wakubwa na wadogo. Ukipewa kazi ya kupima wimbo wa mtu, usiupime kwa sura yake, wala kwa ukoo wake, wala kwa wema wa rafiki aliyekunong'oneza. Teremsha kichwa, usikie wimbo mpaka mwisho, halafu useme kweli, iwe tamu iwe chungu. Mwimbaji anaweza kuvumilia kuambiwa kasoro zake. Kuhukumiwa na mtu asiyemsikia hakuvumiliki.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipofika, na hapo hapo imeishia. Aliyesikia vizuri amsimulie aliyekuwa anatafuna muwa.